Mkutano Uliokosa Mtu wa Kuufunga

Mimi sina ugomvi na serikali, na naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea. Serikali yetu ya Pwani Kuu ni sikivu, ina mipango mizuri, na mambo yakiharibika huwa ni bahati mbaya tu. Nasimulia haya kwa sababu huko mitaani watu wanayatia chumvi, na mambo yenyewe hayakuhitaji chumvi hata chembe.

Kwa msiotujua, Pwani Kuu tuko katikati. Kaskazini yetu iko Pwani Kongwe, kusini iko Pwani Huru. Bahari ni hiyo hiyo, samaki ni wale wale, tunaoana na kuzikana, na tukikasirika tunatukanana vizuri kabisa bila msaada wa mtu. Lakini nchi ni tatu, na nchi ni heshima, na heshima lazima iwe na lugha yake. Ndiyo maana ikatungwa sheria kwamba Kiswahili cha Pwani Kongwe ni lugha moja, Kiswahili cha Pwani Huru ni lugha nyingine, na cha kwetu ndicho chenyewe.

Hapo ndipo mimi nilipopata ajira. Naitwa Mwanamvua, Mkalimani Mkuu wa Serikali, Kiswahili kwa Kiswahili. Waziri wa Pwani Kongwe akisema, "Bahari ni uhai wetu," mimi ndani ya kibanda changu cha vioo nawasha taa nyekundu, nakohoa kidogo, nasema, "Bahari ni uhai wetu." Mnaona ni rahisi? Siku moja nilinyamaza, nikiona maneno hayana tofauti. Taa haikuwaka, na ujumbe mzima wa Pwani Huru ukatoka nje ya ukumbi ukilia kwamba umedharauliwa. Kusikiliza hawasikilizi. Hedfoni hupangwa mezani kila mkutano na sijawahi kuona sikio hata moja likiingia ndani yake. Wanachotaka ni taa iwake.

Wanaonisikia ni walio nje. Sheria inataka wananchi wafuatilie mkutano kwa lugha ya nchi mwenyeji, kwa hiyo kipaza sauti cha kibandani kimeunganishwa na spika kubwa zilizoko juu ya paa, zinaelekea gatini; ndani ya ukumbi hazisikiki. Kwa watu wa nje, kila waziri anaongea kwa sauti yangu.

Mume wangu ni Shekue, fundi mitambo kwenye feri ya abiria iitwayo Ujirani Mwema, ile inayozunguka bandari za nchi zote tatu. Asubuhi ya mkutano alisimama mlangoni na ovaroli lake, hana furaha.

"Mama Hadiya, ile injini inanitia wasiwasi. Waambie wakubwa zako."

"Baba Hadiya, mimi siambii watu. Mimi natafsiri."

Akacheka, akabeba chupa yake ya chai, akaenda.

Mkutano wenyewe uliitwa Mkutano wa Mashauriano ya Kudumu kuhusu Ushirikiano wa Usalama wa Ukanda wa Pwani. Ulifanyika katika Jumba la Mshikamano, juu kidogo ya bandari yetu. Shabaha yake ilikuwa nzuri mno: nchi tatu zikubaliane nani amsaidie nani chombo kikipata ajali baharini, na namna ya kuwafukuza watu wa magendo. Kila mwenye mamlaka ya kuamuru boti itoke bandarini alikuwa amealikwa, na kila aliyealikwa alikuja. Siku hiyo bahari yote ilibaki bila mtu wa kuitolea amri, lakini si mnajua, huwezi kuwa baharini na mkutanoni kwa wakati mmoja.

Usalama ulikuwa wa hali ya juu. Simu zilikusanywa kwenye vikapu zikaachwa nje. Madirisha yalipigiliwa mbao. Mlango mkubwa ulitiwa kufuli tatu kwa nje, kila nchi na kufuli yake na mlinzi wake na ufunguo wake, kwa sababu ushirikiano wetu umekomaa kiasi kwamba hakuna anayemwachia mwenzake mlango. Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Chongoe Fumbwe, aliwatolea walinzi amri moja ya wazi: "Milango isifunguliwe mpaka mkutano utakapofungwa rasmi." Walinzi wakapiga saluti. Tukasikia kufuli zikilia, moja baada ya nyingine.

Waziri Chongoe akapanda jukwaani kufungua mkutano.

"Mheshimiwa Kiluwa, Waziri wa Pwani Kongwe, Mheshimiwa Admirali Mbwera wa Pwani Huru, itifaki imezingatiwa."

"Imezingatiwa na nani?" Admirali Mbwera alikuwa ameshasimama, medali zinagongana kifuani. "Mimi nimetajwa wa pili. Nchi yangu ni ya pili kwa nani?"

Akaombwa radhi, akatajwa wa kwanza. Akasimama Waziri Kiluwa, mzee mpole mwenye sauti ya kubembeleza, akauliza kwa upole kama Pwani Kongwe imeshahama. Asubuhi yote ikaenda hapo. Mwisho ikaamuliwa kwamba waheshimiwa wote wawili watajwe kwa pamoja: Waziri Chongoe amtaje mmoja na mshereheshaji amtaje mwingine, papo hapo. Wao walikuwa wawili. Mimi kibandani niko peke yangu na mdomo wangu mmoja. Nikawasha taa nikasema, "Mheshimiwa Mbweluwa." Nje, naambiwa, watu walipiga makofi.

Tulikuwa bado kwenye salamu mlango ulipogongwa. Alikuwa Koplo Tindwa, mlinzi wa upande wetu, akiongea kupitia mwanya wa mlango.

"Waheshimiwa, samahani. Redio ya mawasiliano ya bandari inasema feri Ujirani Mwema imezima injini. Inapelekwa na maji. Ina abiria, na maji yameanza kuingia chumba cha mitambo."

Chumba cha mitambo ndimo anamofanyia kazi mume wangu. Lakini maneno yalikuwa yamesemwa ukumbini, na yanayosemwa ukumbini yanatafsiriwa, kwa hiyo nikawasha taa nikatangaza nchi nzima kwamba maji yanaingia chumba cha mitambo, na sauti haikutetemeka. Nilifunzwa hivyo.

"Iko wapi?" aliuliza Waziri Chongoe.

"Makutano, Mheshimiwa. Pale maji ya nchi tatu yanapokutana."

Makutano panajulikana kwa sifa. Ndipo penye samaki, na kwa ajili yake nchi tatu zimechapisha ramani tatu na kurushiana maneno kwenye kila redio. Nikasema moyoni, afadhali, pale kila mmoja anadai ni pake, basi watakimbilia wote.

Admirali Mbwera akajikohoza. "Pwani Huru, kwa moyo wa udugu, inatambua kwamba Makutano ni eneo la Pwani Kongwe."

"Ah, hapana, ndugu yangu," alisema Waziri Kiluwa. "Sisi hatuwezi kuingilia maji ya wenzetu. Makutano ni ya Pwani Kuu toka enzi za mababu."

"Tunashukuru kwa imani hiyo," alisema Waziri Chongoe, "lakini Pwani Kuu haina tamaa ya ardhi ya mtu, achilia mbali maji. Tunairudisha Makutano kwa Pwani Huru, bila masharti."

Mahali palipokuwa pa wote pakawa hapana mwenyewe. Kila mmoja alimkabidhi mwenzake Makutano kwa hotuba, na kila hotuba nikaitafsiri, na kila nilipomaliza sentensi nilijua maji kule yamepanda kidogo.

Kufika saa ya chakula, harufu ya pilau ikapenya kwenye mbao za madirisha, na hapo ndipo waheshimiwa walipoona kuna haja ya kutoka ili wakashauriane na miji mikuu yao. Waziri Chongoe akasogea mlangoni.

"Koplo, fungua."

"Mkutano umefungwa, Mheshimiwa?"

"Bado."

"Basi haiwezekani, Mheshimiwa. Amri ni yako mwenyewe."

"Haya, nasema umefungwa!"

"Wewe ni mgeni rasmi wa kufungua, Mheshimiwa. Wa kufunga ni Mheshimiwa Makamu wa Rais. Na yupo hapa nje, kwenye gari."

"Sasa si umwingize aje atufunge!"

"Aingilie wapi, Mheshimiwa, na milango haifunguliwi mpaka afunge?"

Niseme kwa faida ya wageni: kwetu mkutano hauanzi wenyewe wala hauishi wenyewe. Lazima awepo mgeni rasmi wa kuufungua na mgeni rasmi wa kuufunga, la sivyo hata kama watu wameshalala makwao, mkutano bado unaendelea. Kamati ya Maandalizi ilikuwa imefikiria maua, maji ya chupa, na rangi ya zulia. Ya mlango haikuifikiria.

Waziri Kiluwa alihesabu kwa vidole. "Yaani ili tufunguliwe ni lazima tufungwe, na wa kutufunga hawezi kuingia kwa kuwa hatujafungwa."

Nikawasha taa, nikasema vivyo hivyo. Haikueleweka zaidi.

Walijaribu. Waliwaamuru walinzi wafungue kwa pamoja, lakini kila mlinzi alisema atafungua ya kwake baada ya wenzake kufungua za kwao, maana nchi yake isije ikaonekana ndiyo dhaifu. Walimwomba Makamu afunge akiwa nje. Akajibu kupitia kwa Koplo kwamba mgeni rasmi hukaribishwa, huketi, hushikwa mikono, ndipo hufunga. Yeye hajawahi kufunga kitu akiwa amesimama kwenye jua. Umeme ukakatika kwenye viyoyozi, ukabaki kwenye vipaza sauti, kwa sababu hivyo viko kwenye jenereta ya heshima. Watu wakavua koti, kisha tai, kisha viatu. Admirali Mbwera akajaribu kuvunja ubao wa dirisha kwa medali yake kubwa. Medali ikapinda.

"Mbao nzuri," alisema Waziri Chongoe, kwa fahari kidogo. "Ni za kwetu."

Mimi sikuweza tena. Nilizima taa, nikafungua mlango wa kibanda, nikatembea mpaka mbele ya meza kuu. Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kusimama kwenye zulia lile.

"Waheshimiwa, shikamooni. Mume wangu yuko ndani ya feri ile, kule kule chini maji yanakoingia. Spika zinasikika mpaka gatini, na boti za doria za nchi zote tatu zimefungwa hapo, mabaharia wamekaa wanasubiri neno. Semeni neno moja tu, nitawafikishia. Nawaomba kama mtoto wenu."

Walinitazama kama wanaomwona mtu akitoka ndani ya redio.

"Wewe si mkalimani?" aliuliza Waziri Chongoe.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na haya maneno ni ya nani?"

"Ya kwangu."

"Ya kwako!" Akawageukia wenzake, ameaibika kwa niaba ya nchi.

Waziri Kiluwa aliinua mkono kwa upole wake ule. "Dada ameongea kwa uchungu, na sisi ni binadamu. Lakini taa haikuwaka. Pwani Kongwe haikupata tafsiri, kwa hiyo kiutaratibu haikusikia kitu."

"Hata sisi," alisema Admirali.

Nikarudi kibandani. Nikawasha taa. Nikasema kwa sauti ya kazi, "Mkalimani anasema mume wake yuko ndani ya feri. Anaomba neno moja." Nilijitafsiri mwenyewe, mtu wa tatu, kama namzungumzia mwanamke mwingine niliyemwonea huruma. Waheshimiwa wakatikisa vichwa, na Mkutano ukapokea taarifa hiyo kwa masikitiko.

Nililia ndani ya vioo, wakiniona wote. Kulia hakuna tafsiri, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kujibu.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Koplo Tindwa alipogonga tena, safari hii anahema.

"Waheshimiwa! Feri imepata msaada! Kuna boti imeirushia kamba, inaivuta. Abiria wote wazima!"

"Boti ya nani?" wakauliza wote watatu kwa mpigo mmoja, na hii ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo watu kusema pamoja bila kupangwa.

"Ni ile Tutaonana, Mheshimiwa. Ile ya magendo ya mafuta ya kula. Wamemwaga mzigo wao wote baharini ili wapate nguvu ya kuvuta. Wameshapita maji ya Pwani Huru, wamekatiza ya Pwani Kongwe, sasa wanaingia ya kwetu."

"Kwa kibali cha nani?" alinguruma Admirali.

Hapo ndipo nilipouona ushirikiano wa ukanda kwa macho yangu. Watu waliogombania salamu asubuhi nzima walisogeza viti, wakainamisha vichwa pamoja, na kabla sijamaliza kufuta machozi azimio lilikuwa tayari. Waziri Chongoe alilisoma amesimama, peku.

"Mkutano unaazimia kwa kauli moja: boti zote za doria za nchi tatu ziondoke sasa hivi, zikaikamate boti hiyo na wote waliofungamana nayo, kwa kutumia silaha zote zilizopo."

Waziri Kiluwa aliuliza taratibu, "Na wale wa kwenye feri?"

"Si wamefungamana nayo? Tena kwa kamba."

"Kwa kamba, ni kweli."

Makofi. Kisha wakageuka wote kukiangalia kibanda, wakisubiri taa.

Kidole changu kilikuwa juu ya swichi. Niliwafikiria mabaharia wa gatini, vijana wenye bunduki waliochoka kukaa, ambao watafanya neno kwa neno nitakachosema. Nilimfikiria Shekue anatoka chini, amelowa, anashukuru Mungu, anainua macho anaona boti za serikali zinakuja. Mimi siambii watu, mimi natafsiri. Na tafsiri, walimu wangu walinifundisha, mara nyingine hulazimika kuchagua neno.

Nikawasha taa, nikakohoa kidogo.

"Mkutano unaazimia kwa kauli moja: boti zote za doria za nchi tatu ziondoke sasa hivi, zikaipokee boti hiyo na wote waliofungamana nayo, kwa kutumia heshima zote zilizopo."

Ndani, hakuna aliyegeuza shingo. Taa ilikuwa imewaka, waheshimiwa wakakaa. Nje tulisikia ving'ora vya boti, halafu tarumbeta za bendi iliyokuwa imeletwa kwa ajili ya Makamu, halafu mizinga.

"Sikieni wanavyotandikwa," alisema Admirali Mbwera, macho yanang'aa.

Mimi nilihesabu mizinga. Ilikuwa inapigwa kwa nafasi, taratibu, kama inavyopigwa kwa rais. Nikaanza kupumua.

Koplo Tindwa alirudi mlangoni akiwa na furaha ya sherehe. "Mambo yameenda vizuri kabisa, Waheshimiwa! Nahodha wa Tutaonana amevishwa shada la maua. Abiria wamegawiwa pilau yenu."

"Shada?" alisema Waziri Chongoe. "Nani ameamuru shada?"

"Nyinyi, Mheshimiwa. Tumesikia wote kwenye spika."

Waheshimiwa watatu wakatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyebadilisha azimio, na hakuna aliyetaka kuonekana hakuambiwa. Waziri Kiluwa akatabasamu. Admirali akatabasamu zaidi. Waziri Chongoe akasema kwamba hilo ndilo lilikuwa wazo lake toka asubuhi.

"Na Makamu?" aliuliza. "Sasa aje atufunge."

"Ameondoka, Mheshimiwa. Alikuwa na hotuba ya kufunga na hana pa kuitolea, akashuka gatini akaitoa kule yote. Akasema shughuli ya leo imefungwa rasmi."

"Kwa hiyo tumefungwa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Amefunga ya gatini. Ya humu ilikuwa haijafungwa alipoondoka."

Mtu mmoja wa itifaki akaketi chini sakafuni akaanza kucheka peke yake. Waziri Chongoe, kwa kukosa jambo jingine la kufanya, akapanda jukwaani kuanza hotuba ya kuwapongeza waliofanikisha uokoaji. Mimi nikawasha taa.

Ndipo nilipoisikia, kupitia mwanya wa mlango, sauti iliyokauka kwa chumvi. "Mama Hadiya! Umo humo?"

Alikuwa mzima. Shekue wangu alikuwa mzima, hatua chache kutoka nilipo, na kati yetu kulikuwa na vioo, mlango, na kufuli za nchi tatu. Nilitamani kupiga kelele. Lakini Waziri alikuwa katikati ya sentensi na taa ilikuwa inawaka, na nilikuwa na njia moja tu ya kumfikia. Sauti yangu ilikuwa juu ya paa, juu ya kichwa chake.

"Tunawapongeza wote waliojitolea," alisema Waziri Chongoe.

"Waziri anasema," nikatafsiri, "tumefurahi mno kukusikia. Tulikuwa tumekufa humu ndani. Pole, mpenzi. Nenda nyumbani sasa, ukaoge, ubadilishe nguo. Chakula kipo kwenye hotpoti. Usinisubiri."

Maneno hayo yalitoka kwenye spika zote, yakashuka mpaka gatini. Nikamsikia Koplo Tindwa akigonga visigino.

"Ndiyo, Mheshimiwa Waziri!" akaitikia kwa sauti ya paredi. "Asante, Mheshimiwa!"

Na wenzake wawili wakaitikia vivyo hivyo. Walikuwa wamesimama toka alfajiri, hawajala, na hii ilikuwa amri ya kwanza siku nzima ambayo nchi zote tatu zilikuwa tayari kuitii bila kuangaliana. Nilisikia buti zikishuka ngazi, na funguo tatu zikilialia mifukoni, mmoja akielekea kaskazini, mmoja kusini, na Koplo nyumbani kwa mkewe. Umati wa gatini nao ukatawanyika. Bendi ikaondoka. Mtaa mzima ukaenda kuoga.

Waziri Chongoe aliendelea kuhutubia. Mimi nikatega sikio kuelekea mlangoni. Kulikuwa kimya kabisa.

Kisha nikasikia mtu anaketi kwenye ngazi, akikamua maji kwenye suruali.

"Mwambie huyo Waziri," alisema mume wangu, "mimi siendi popote."